Uso wa Mama Kwenye Filamu Mbichi

Bomba lilikohoa, likatema tone moja la mwisho, likanyamaza kimya.

Hapo ndipo nilipokuacha wiki iliyopita, msomaji wangu, na najua wapo walioninunia tangu siku ile. Mimi sina kosa. Linunieni bomba.

Kitinda alikuwa amepiga magoti bafuni, amekumbatia kopo jeusi la kusafishia filamu. Ndani ya kopo lile mlikuwa na filamu moja, na ndani ya filamu ile alikuwamo mama yake.

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitakuambia kwa ufupi usije ukalia bila kujua unamlilia nani. Mama huyo alizikwa miezi miwili iliyopita. Mumewe ni mpiga picha, na mtaa mzima unamwita Mzee Tabasamu, kwa kuwa ndilo neno alilomwambia kila aliyewahi kukaa mbele ya kamera yake. Amewapiga maharusi, amewapiga vichanga, amewapiga hata wagomvi wakiwa wamekumbatiana kwa shingo upande. Mkewe je? Kinyozi hajinyoi. Hakuwa na picha yake hata moja, ukiacha ile ya kitambulisho iliyofutika ikabaki pua.

"Siku nyingine," mama alizoea kusema, "siku nikipendeza."

Siku ya kupendeza haikufika, ukafika ugonjwa. Ndipo mchana mmoja, akiwa hawezi tena kutoka kitandani, akasema mwenyewe, "Leta kamera, mume wangu." Filamu hii ndiyo iliyopigwa siku zile, mumewe akiwa bado anaona kidogo. Ikiharibika, uso wa mama umekwenda na mama.

Na sasa maji yamekatika.

"Baba, hakuna maji."

"Fungulia mpaka mwisho."

"Ndiyo mwisho wenyewe huu, Baba."

Mzee Tabasamu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na kilichobaki humo ni mwanga na vivuli. Kwa hiyo siku hiyo yeye alikuwa mdomo na binti yake alikuwa mikono. Tena binti mwenyewe ni mwoka mikate, hajawahi kugusa kazi ya filamu maishani mwake. Mzee alikuwa amemwamuru aoge mara mbili kabla ya kuanza, akihofia unga wa ngano kwenye nywele zake usije ukaishia kwenye filamu.

"Dawa umeshaimwaga?" aliuliza.

"Nimeimwaga yote."

"Umesuuza?"

"Hata mara moja bado."

Mzee alishusha pumzi. "Dawa ya kwanza huitoa picha, ya pili huishikiza. Lakini ile ya pili ina tabia ya mgeni asiyejua kuaga. Usipoitoa kwa maji mengi, inabaki humo na kuila picha taratibu. Leo utamwona mama yako. Mwakani utaona umanjano. Baada ya hapo hutaona kitu."

"Sasa tufanyeje?"

Kabla hajajibiwa, mlango ulisukumwa kwa kishindo. Aliingia dada wa Mzee, Shangazi Chiriku. Nadhani jina hilo linajieleza. Tangu alipojifunza kusema, hajapumzika.

"Nimewasikia, nimewasikia! Maji haya hapa, chupa nzima, baridi safi! Kitinda, fungua mdomo wa hilo kopo, haraka mwanangu, mbona umeniduwalia?"

Kitinda alifungua. Chupa ikainama.

"Yametoka wapi hayo?" Mzee aliuliza.

"Kwenye friji, kwani wapi tena?"

"Usimwage!"

Sauti ile ilimshtua hata paka aliyekuwa barazani. Shangazi aliirudisha chupa kifuani, nusu ya maji yakamwagikia gauni lake.

"Filamu ikilowa, ngozi yake ni laini kama utando wa maziwa," Mzee alisema. "Imetoka kwenye uvuguvugu. Ukiitia kwenye baridi ya ghafla itajikunja yote. Mnataka kumpa mke wangu makunyanzi ambayo hata uzee haukumpa?"

"Astaghafiru! Mimi nilijua maji ni maji."

"Nenda kwa jirani. Ana tangi juu ya paa."

"Na akininyima?"

"Ongea naye. Kwani wewe umezaliwa kwa kazi gani nyingine?"

Shangazi alicheka. Lakini alipofika mlangoni alisimama, akamgeukia Kitinda, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Akatoka bila kusema. Kitinda aliliona hilo likamtia wasiwasi, maana Shangazi kumeza neno lililokwisha kufika ulimini si jambo la kila siku.

Walisubiri. Mzee kila mara aliuliza kama kifuniko kiko sawa, filamu isije ikaanza kukauka na dawa yake. Kila mara Kitinda alimwambia kiko sawa. Blanketi lililokuwa limeziba dirisha walikuwa wamelishusha, kwa sababu filamu ikishashikizwa haiogopi tena mwanga. Jua la alasiri lilikuwa limeingia, likaonyesha jinsi mzee alivyokonda. Shati lilikuwa likimpwaya mabegani.

Kisha zikasikika nyayo ukumbini. Za watu wawili.

Shangazi aliingia kwanza. Nyuma yake aliingia mwanamume mrefu, ndoo ya maji huku na ndoo ya maji huku.

Kitinda alihisi damu ikimpanda kichwani.

Alikuwa kaka yake. Yule mkubwa, yule ambaye katika nyumba hii hatajwi.

Ndiye aliyeshikilia kwamba mama apasuliwe. Baba alikataa, akasema mwili wake hautakistahimili kisu. Kaka akamchukua mama asubuhi moja, akampeleka hospitali. Mama aliondoka anatembea, akarudi amebebwa. Hakusimama tena. Hapo hapo mlangoni, mbele ya watu, Mzee Tabasamu alimwambia mwanawe maneno ambayo mtaa bado unayanong'ona: "Leo nimekutoa katika hesabu ya wanangu. Usinikanyagie nyumba, nikiwa hai wala nikiwa nimekufa."

Naye hakukanyaga. Mama aliugua kitandani mwezi baada ya mwezi, hakukanyaga. Mama alizikwa, hakuonekana. Kitinda, aliyekuwa akimtetea kwa kila mtu, siku ya mazishi alichoka kumtetea.

Sasa huyu hapa, kwenye mlango wa bafu, na ndoo mbili.

"Nani huyo?" Mzee aliuliza. Alikuwa ameona kivuli.

Kitinda alifungua mdomo. Shangazi akaweka kidole midomoni, macho yamemtoka.

"Muuza maji tu, kaka yangu. Nimemwomba anisaidie kubeba, mgongo wangu unaujua."

"Mbona hasalimii?"

"Ah! Bubu, maskini. Mungu hakumpa ulimi."

"Alikupa wewe ule wa kwake," Mzee alisema. "Karibu, bwana. Mungu atakulipa."

Mabega ya kaka yalitikisika. Kitinda hakujua kama ni kicheko au kilio, na wakati ule hakutaka kujua. Moyo ulimwambia apige kelele, "Baba, ni yeye!" Lakini kopo lilikuwa mikononi mwake na maji yalikuwa mikononi mwa mtu asiyetaka kumwona. Mwenye shida hachagui wa kumtua.

Alinyoosha kopo. "Mimina," alisema kwa ukali.

Kaka alipiga goti. Kabla ya kumimina alichovya kiwiko katika ndoo ya kwanza, akapima joto lake. Akachovya katika ya pili. Akaitikia kwa kichwa kwamba inafaa, kisha akamimina pembeni taratibu, maji yakiteleza ukutani mwa kopo bila kuipiga filamu.

Mzee alisikiliza mlio ule. Akainama, akatia mkono kwenye ndoo.

"Vuguvugu hasa," alisema polepole. "Muuza maji gani huyu anayejua filamu inataka nini?"

"Tangi la jirani linashinda juani!" Shangazi alidakia. "Mimi mwenyewe nimeunguza kidole! Nimemwambia jirani, shoga yangu, hapa hata chai..."

"Chiriku."

"Bee?"

"Nyamaza kidogo."

Wakasuuza. Kopo likajazwa, likapinduliwa mara chache, likamwagwa. Maji ya kwanza yalitoka yananuka kama siki. Likajazwa tena, likapinduliwa mara nyingi zaidi, likamwagwa. Likajazwa tena. Kaka alimimina na dada alipindua, bega kwa bega, bila kutazamana, na baba yao akihesabu kwa mdomo mizunguko kama alivyokuwa akiwahesabia walipokuwa watoto.

Harufu ikaisha. Maji yakatoka maangavu.

"Sasa la mwisho," Mzee alisema. "Tia sabuni ya kuoshea vyombo. Tone moja tu! Hapa huoshi sufuria. Hiyo ni ya kuyafanya maji yateleze, yasiache madoa yakikauka."

Kitinda alitia tone moja. Akafungua kopo. Akashika ncha ya filamu, akaivuta juu kwenye mwanga.

"Zipo!" alipiga kelele. "Baba, picha zipo! Namwona!"

Shangazi alipiga kigelegele. Mzee Tabasamu alifunika uso kwa viganja, mabega yakapanda na kushuka. Alipovishusha viganja, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alikuwa anatabasamu.

Hapo ningeweza kukomea, nikaenda zangu kulala. Lakini kilichofuata nisipokisema nitakuwa nimewadanganya.

Waliitundika filamu kwenye kamba iliyopita juu ya beseni la kuogea, kibanio kimoja cha nguo juu, viwili chini vya kuivuta isijiviringe. Ilikuwa inachuruzika. Mzee akasimama, akakunja mikono ya shati.

"Niachie mimi hapa," alisema. "Kukamua maji ni kazi yangu. Wenzangu walitumia sifongo, sifongo hukwaruza. Wengine kitambaa, kitambaa huacha nyuzi. Mimi maisha yangu yote nimetumia vidole viwili. Mama yako alikuwa akisema vidole vyangu ni hariri."

Akavinyoosha. Kitinda akavitazama.

Havikuwa hariri tena. Tangu mke wake alipoacha kutoka kitandani, mzee alikataa mtu yeyote asimfulie shuka. "Mke ni wangu, na shuka ni zangu," alisema. Kila siku alizifua kwa dawa kali ya madoa, jua na mvua. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka na kukauka, imekuwa msasa mtupu. Yeye hazioni nyufa zile.

Filamu mbichi na msasa, msomaji wangu, havikutani kwa wema.

Kitinda alijua. Alitaka kusema, "Hapana, Baba, acha idondoshe maji yenyewe." Neno lilikuwa limekwisha kufika kooni.

Lakini aliinua macho, akamwona kaka yake. Naye alikuwa ameviona vidole. Alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, amenyoosha kiganja kumzuia.

Nitakwambia ukweli kama ulivyo. Kama kaka asingetikisa kichwa, Kitinda angekataa. Alipomwona anakataza, hasira ya miezi yote ikamkaba. Huyu ambaye hakufua hata leso ya mama ana haki gani ya kuikataa mikono iliyofua kila kitu?

"Haya, Baba," alisema. "Kamua."

Mzee alichovya vidole kwenye maji ya sabuni. Kitinda akamshika mkono, akauongoza chini kidogo ya kibanio cha juu. Vidole viwili vikaikumbatia filamu, vikaanza kushuka taratibu, na uso wa mzee ukiwa juu, unatabasamu kama wa bwana harusi.

Nyuma ya vidole, mstari ukawa unafuata.

Mwembamba. Umenyooka. Unapitisha mwanga kama ufa wa mlango. Ulianza vidole vilipoanzia, ukashuka navyo mpaka chini.

Kitinda aliinamisha kichwa pembeni, maana picha zilikuwa zimelala ubavu. Picha ya kwanza, mstari umepita machoni. Ya pili, machoni. Ya tatu, machoni. Mzee alikuwa na mazoea yake, macho ya mtu aliyaweka mahali pale pale katika kila picha, na mazoea hayo ndiyo yaliyomponza. Hapakuwa na hata moja iliyopona.

"Umemwona?" Mzee aliuliza, akipangusa mikono kwenye suruali.

"Nimemwona, Baba."

"Uso safi?"

"Safi. Hauna hata doa."

Shangazi alimtazama Kitinda usoni, akakaa chini sakafuni na gauni lake lililolowa. Kaka aligeukia ukuta wa ukumbi.

Mzee hakuondoka. Alisimama pale pale, amenyoosha vidole vile viwili mbele yake.

"Kitinda."

"Abee, Baba."

"Vidole vyangu havioni, lakini vinahisi. Umepita wapi?"

"Nini, Baba?"

"Mkwaruzo. Nimeuhisi tangu juu mpaka chini. Nilipoanza kuuhisi ningeacha, lakini nilijiambia siwezi kuwa mimi. Umepita wapi, mwanangu? Usinifiche."

Kitinda aliangua kilio. "Machoni, Baba. Zote. Umepita machoni."

Mzee alitafuta ndoo yake kwa mguu, akaketi.

"Nimemfulia kwa mikono hii," alisema. "Nimemgeuza, nimemlisha. Mikono hii hii ndiyo imemkwangua macho."

Akalia. Alilia bila kujificha, mzee mzima, kamasi na machozi, na mikono yake ameiweka mapajani mbali na uso kama vitu vya mtu mwingine. Kitinda alimpigia magoti.

"Ni kosa langu, Baba. Niliiona mikono yako. Nilijua, nikanyamaza."

"Ungefanyaje? Ningekusikiliza?"

"Ungenisikiliza."

"Ningekusikiliza," mzee alikubali, na hilo likamuuma Kitinda kuliko kama angemtukana.

Ndipo mkono mrefu ukapita juu ya bega lake. Ulikuwa mkono wa kaka. Kidole kilielekeza juu kabisa ya filamu, pale kwenye kipande kifupi kati ya kibanio na mahali vidole vya mzee vilipoanzia. Alielekeza kama mtu anayejua anachoelekeza, kisha akarudi kizingitini.

Kitinda alisimama. Alifuta macho kwa kiwiko, akasogeza uso.

Palikuwa na picha moja. Ya mwisho katika filamu nzima. Mstari haukuifikia.

Kwenye filamu kila kitu ni kinyume, cheupe kinakuwa cheusi na cheusi kinakuwa cheupe. Aliona kitanda cheusi. Aliona kiti, na mtu amelala kitini, kichwa kimeangukia begani. Aliona kilemba. Chini ya kilemba, uso. Na katikati ya uso ule, safu ya vitu vidogo vyeusi.

"Baba," alisema, pumzi zinamkata. "Mtu akicheka, kwenye filamu anakuwaje?"

"Meno yanakuwa meusi. Tafuta meno meusi."

"Meusi, Baba! Meusi yote, na katikati kuna kijistari cheupe!"

Mzee alisimama wima. "Mwanya," alinong'ona. "Huo ni mwanya wake."

"Ipo moja, Baba! Juu kabisa, hukuigusa! Ya mwisho! Haina mkwaruzo, wallahi, safari hii sikudanganyi, haina!"

Shangazi alianza kigelegele kingine. Akakikatiza katikati, kwa sababu mzee hakuwa anafurahi. Alikuwa amekunja uso.

"Si kweli," alisema. "Ya mwisho niliyopiga alikuwa ameelekea dirishani. Hakucheka. Nilimwambia tabasamu, mke wangu, akaniambia midomo inamuuma. Hakucheka katika picha yangu hata moja."

"Katika hii anacheka, Baba. Anamcheka mtu aliyelala kwenye kiti."

"Nani amelala?"

"Wewe."

"Kile kiti cha kando ya kitanda?"

"Hicho hicho. Shuka iko mapajani mwako. Mdomo wazi."

Mzee Tabasamu nusura acheke. Kicheko kilifika midomoni, kisha kikasimama. Macho yanaweza kumfia mpiga picha, lakini upigaji picha haumfii. Alikuwa anaipanga ile picha kichwani, kitanda hapa, kiti pale, kamera mbele yao.

"Kitinda," alisema. "Kama mama yako yuko kitandani. Na mimi nimelala kitini. Nani aliyeshika kamera?"

Kitinda aligeuka polepole, akamtazama kaka yake.

Alikuja. Mtu huyu alikuja. Aliingia humu baba akiwa amelala kwa uchovu, akakaa na mama, akamchekesha mama ambaye sote tulidhani amesahau kucheka. Na yeye Kitinda alikuwa akimsengenya kwa watu tangu mazishi, tena leo akaiacha filamu iharibike kwa ajili ya kumkomoa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kaka yangu," Shangazi alianza, sauti ndogo asiyoijua mwenyewe, "mlango wa nyuma ulikuwa..."

"Sijakuuliza wewe."

Shangazi alinyamaza. Machozi yalimtiririka, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kuongeza.

Kizingitini, bubu aliweka ndoo chini.

"Ni mimi, Baba."

Mzee hakustuka. Alishika ukingo wa beseni, vidole vikakaza.

"Ulikuwa unakoroma," kaka aliendelea, na kila neno lilimtoka kwa shida. "Aliniomba nikupige wewe. Alisema umewapiga watu wote na wewe huna yako. Nikamwambia muwe wote wawili, Mama, mimi nitawapiga. Hapo ndipo alipocheka. Nilitaka nikuamshe. Yeye akakataa, akasema tusubiri ukipona hasira."

"Akasubiri," mzee alisema.

"Akasubiri, Baba."

Upepo ulipita ukumbini. Ulisukuma mlango ukafunguka wote, filamu ikayumba kwenye kamba, vibanio vya chini vikagongana. Chembe za vumbi zilionekana juani, zinaelea kuingia ndani. Kaka alikuwa amesimama kizingitini, mguu mmoja bafuni, mguu mmoja ukumbini, mkono kwenye kitasa.

Mzee Tabasamu alimpa kisogo.

"Funga mlango," alisema. "Filamu haijakauka."

Hakusema aufunge akiwa upande gani.